Toleo Maalumu la Kukaribishana

Katika nchi yetu mtu hapimwi kwa kazi aliyoifanya, hupimwa kwa jinsi alivyokaribishwa kuifanya. Ukishakaribishwa vizuri, kwa vigelegele, shada la maua na picha ya pamoja, kazi yenyewe inakuwa kama harufu ya chakula puani mwa mtu aliyeshiba. Ipo, lakini ya nini?

Jina la nchi yetu sitalitaja. Si kwamba naogopa. Jina lilipelekwa kwenye kamati ndogo ili lipitiwe, na kamati ndogo bado inajadili nani afungue kikao.

Tuna sheria moja nzuri ambayo majirani zetu hawana. Inasema hakuna jambo litakalobadilishwa katika darasa lolote, kuanzia shule ya awali hadi chuo kikuu, mpaka kwanza lichapishwe katika Jarida la Taifa la Elimu. Ukitaka kuhamisha kengele ya mapumziko, andika makala. Ukitaka kufungua dirisha lililopigwa misumari, andika makala, na weka marejeleo. Mwenye nia njema ataona hekima iliyomo: walimu wa taifa zima wanazuiwa kufikiri ovyo.

Jarida lenyewe ni zito mkononi. Lina jalada la kijani na nembo ya bundi aliyevaa joho. Wananchi waliwahi kulalamika kwamba bundi ni mkosi, akitua juu ya paa watu hawalali. Jarida likawajibu kwamba huyo wanayemsema ni bundi wa kawaida. Huyu amesoma.

Wahariri wa Jarida huteuliwa kwa kipindi, na wakiteuliwa ni lazima wakaribishwe. Makaribisho hayo si kama yako na yangu, ya pita ndani, vua viatu, kaa hapa. Ni makala ya kitaaluma, yenye ikisiri, mbinu za utafiti na hitimisho. Na kwa kuwa ni makala, hupelekwa kwa wahakiki wawili wasiojulikana. Wahakiki huirudisha na maoni. Mhariri Mkuu huyafanyia kazi maoni. Ikichapishwa, wahariri wapya nao hupewa nafasi ya kushukuru, kila mmoja kwa makala yake, na shukrani nazo huenda kwa wahakiki. Shukrani ya mwisho ikikamilika, kipindi chao kinakuwa kimekwisha na wapya wameshateuliwa. Hao nao huwezi kuwaacha wamesimama mlangoni.

Kwa hiyo tangu mimi niko shule ya msingi, Jarida halijachapisha kitu kingine. Toleo lililopita lilikuwa na "Karibuni: Mtazamo Mpya", kisha "Tumekaribia: Jibu kwa Mtazamo Mpya", kisha mjadala mkali uliogawanya wasomi wetu, wa iwapo mtu anaweza kusema ahsante kabla hajaketi. Watu wawili walipata uprofesa kwa mjadala huo, mmoja wa kila upande.

Mimi naitwa Siwema. Nina stashahada ya uandishi na usanifu wa kurasa. Katika ofisi ya Jarida mwenye stashahada anaruhusiwa kuyagusa maneno, ila haruhusiwi kuwa nayo. Nilikuwa nikipanga kurasa, nikizipeleka kwa mpiga chapa, na siku ya sherehe nikishika kipaza sauti, kwa sababu maprofesa wetu husema Kiswahili changu kina utamu wa asili. Wanakisifu kama mtu anavyosifu mkeka kabla ya kuukanyaga.

*

Mwalimu Zawena Ngulumo alifika ofisini wakati tunajiandaa kuwakaribisha wahariri wapya. Ni mwanamke mrefu, mwenye chaki kwenye kucha. Alitoka Shule ya Msingi Ng'ambo ya Pili, huko ambako barabara ya lami hukata tamaa, halafu ile ya vumbi nayo hukata tamaa.

Ili umwelewe Mwalimu Zawena, lazima kwanza ujue watoto wetu wanavyokaa darasani.

Zamani kidogo Waziri mmoja alitembelea shule. Akaingia darasani kwa mlango wa nyuma, akakuta watoto wote wamempa visogo. Ilikuwa fedheha. Mwalimu wa darasa, mtu mwepesi wa akili, akawageuza watoto na madawati yao wamtazame Mheshimiwa. Mheshimiwa akafurahi, akasema hivi ndivyo watoto wanavyotakiwa kukaa. Wasaidizi wakaandika. Tangu siku hiyo watoto wa nchi nzima hukaa wakitazama ukuta wa nyuma, ambako huenda Waziri akaingia tena, na ubao uko migongoni mwao. Mwalimu huandika, hukisoma kwa sauti alichokiandika, na watoto hunakili kwa imani. Wenye moyo hupinda shingo. Shingo za watoto wetu zinasifika nje ya mipaka.

Utaniuliza kama agizo hilo lilichapishwa kwanza katika Jarida. Waziri hachapishwi. Waziri mwenyewe ni toleo.

Basi Mwalimu Zawena aliwageuza watoto wake wa darasa la tatu wautazame ubao. Huo ndio utafiti wake wote. Muhula haukuisha, wakawa wanasoma. Akaandika makala, akaiita "Kuutazama Ubao". Mkaguzi wa elimu naye akamwandikia shitaka la kugeuza watoto bila chapisho. Baraza la nidhamu lilipangwa kukaa Jumatatu, baada ya sherehe yetu ya Ijumaa. Makala ikiwa imechapishwa, hana kosa. Isipochapishwa, anafukuzwa kazi na watoto wanarudishwa kutazama ukuta.

Alimweleza haya yote Mhariri Mkuu wetu, Profesa Sefania Mkongea, kwa sauti ya mtu anayedhani anasikilizwa.

"Makala yako nimeisoma, mama," Profesa alisema. Alikuwa ameisoma hadi mwisho wa kichwa cha habari. "Ni nzuri. Ina kasoro moja."

"Ipi, Profesa?"

"Haimkaribishi mtu."

Mwalimu Zawena alinitazama. Mimi nikatazama kalenda.

"Inahusu watoto kujua kusoma," alisema.

"Hapo ndipo penyewe. Msomaji wetu akifungua Jarida anategemea kukaribishwa. Wewe unamkurupusha moja kwa moja kwa watoto, hata hodi hujamjibu. Kitaaluma huo unaitwa ukavu."

"Nikiongeza aya ya kukaribisha?"

"Sasa unaongea kama mtafiti."

Aliketi pembeni mwa dawati langu, akaandika aya ya kukaribisha. Aliwakaribisha wahariri wote kwa vyeo vyao, akamkaribisha msomaji, akaukaribisha na ubao. Makala ikapelekwa kwa wahakiki wawili wasiojulikana. Hawajulikani kabisa, isipokuwa wote wanakaa chumba cha pili, mmoja ana kikohozi na mwingine huniazima kalamu asirudishe.

Mhakiki wa kwanza aliandika kwamba makaribisho yamependeza, ila yamefunikwa na matokeo ya utafiti. Alipendekeza matokeo yaondolewe. Mhakiki wa pili alitilia shaka chanzo cha taarifa.

"Hawa watoto unaosema wanasoma," Profesa alimuuliza Mwalimu Zawena, kidole kikiwa kwenye maoni, "wana shahada gani?"

"Wako darasa la tatu, Profesa."

"Basi ni madai tu."

Nilimsindikiza Mwalimu hadi kwenye korido. Alisimama pale, bahasha ya makala yake kifuani.

"Dada Siwema, niambie ukweli. Hawa watu wanaumwa?"

"Hapana, Mwalimu. Wamesoma."

Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka.

"Juzi watoto wangu waligombania gunia la mbolea," alisema. "Nikadhani wanalichezea. Kumbe kila mmoja anataka yeye ndiye asome yale maandishi ya ubavuni. Walisoma mpaka onyo la kutokula ile mbolea. Sasa hao Jumatatu nikawaambie geukeni?"

Nikampa tumaini, ambalo ofisini kwetu hutolewa badala ya kiti. Nilimwambia kuna mhariri mpya, Dakta Luhende. Kijana bado. Alikulia huko huko Ng'ambo ya Pili, na redioni alisema anakuja kuleta mabadiliko.

"Nitamngoja," alisema.

*

Dakta Luhende alikuja Jumatano kwa ajili ya mazoezi ya kukaribishwa. Usishangae. Mtu ambaye hajafanya mazoezi anaweza kukaribishwa vibaya, na hilo likiingia kwenye kumbukumbu halitoki.

Mazoezi yalifanyika mlangoni mwa ukumbi. Profesa Mkongea alikaa mbele na filimbi. Wahariri wapya waliingia mmoja mmoja, wakionyesha mshangao wa kiasi, unyenyekevu wa kiasi, na wakipokea shada hewa, maana maua yenyewe yangekuja Ijumaa. Dakta Luhende alirudishwa mara nyingi.

"Umeingia kama mtu anayejua anakokwenda," Profesa alimwambia. "Rudi. Ingia kama mtu anayepelekwa."

Akarudi, akaingia kama mtu anayepelekwa. Profesa akapuliza filimbi kwa furaha.

Wakati wa chai Mwalimu Zawena alimfuata.

"Dakta, shikamoo haikufai, umri wetu mmoja. Nimesikia umekuja na mabadiliko."

"Makubwa sana, dada. Nataka makaribisho yawe ya kidijitali. Mtu akaribishwe hata akiwa kwake."

"Watoto wangu wanasoma, Dakta. Jumatatu wanageuzwa. Isome hii, uweke sahihi yako iingie kwenye toleo."

Aliipokea. Aliisoma amesimama, kikombe kikipoa. Nakiri kwamba kwa muda mfupi Dakta Luhende alikuwa mtu. Alipofika kwenye ile sehemu ya watoto kupinda shingo, mkono wake ulikwenda wenyewe nyuma ya kisogo, ukakaa hapo.

"Mimi shingo hii," alianza kusema polepole, "mpaka leo nikiendesha gari..."

Profesa akapuliza filimbi. Chai imekwisha. Mkono wa Dakta ukashuka.

"Dada, hili ni jambo zito. Ila mimi bado sijakaribishwa. Nikianza kazi kabla ya kukaribishwa nitaonekana mvamizi."

"Na ukishakaribishwa?"

Alifikiri kwa uaminifu kabisa.

"Nikikaribishwa leo nikaanza kazi leo, si watasema makaribisho hayakunitosha?"

Akamrudishia makala yake, akaenda kupokea shada hewa.

*

Kulikuwa na jambo lingine lililotusumbua wiki hiyo. Tahariri ya Profesa mwenyewe, "Karibuni Wahariri Wapya: Kuelekea Nadharia ya Mlango", ilirudi kutoka kwa wahakiki ikiwa na maoni mabaya. Mhakiki wa pili hakuridhika. Alisema neno karibuni limetumika bila kufafanuliwa. Karibuni wapi, na kutoka wapi? Pia mwandishi anadai makaribisho yake ni ya joto, lakini joto hilo halikupimwa.

Mhakiki wa pili aliteuliwa na Profesa Mkongea, na hunywa naye chai kila asubuhi. Hata hivyo Profesa alipatwa na hasira ya kweli, kisha huzuni, kisha akaazima kipimajoto zahanati ya jirani. Alhamisi nzima alipita ofisi kwa ofisi akiwakaribisha watu na kuwapima kwapani, kabla na baada. Mhudumu wa usafi alipanda nusu nyuzi. Profesa alirukaruka. Aliandika matokeo, akayapeleka chumba cha pili, na mhakiki wa pili akasema atahitaji muda, kwa sababu huenda mhudumu alikuwa na malaria.

Jioni ile mpiga chapa alinipigia.

"Sista, kurasa ziko wapi? Mashine imewaka hapa, mimi na vijana tunaitazama tu. Sherehe kesho."

Nikaenda kwa Profesa. Alikuwa anajaribu joho mbele ya kioo.

"Profesa, tahariri yako haijatoka kwa wahakiki. Nipange nini?"

"Panga chochote kilichopita kwa wahakiki, binti," alisema, akijigeuza aone mgongo. "Jalada ndilo la muhimu. Ya ndani nakuachia busara yako."

Ilikuwa mara ya kwanza ofisi ile kunihesabia busara, na sikutaka ipotee bure. Nikarudi kwenye dawati langu kutafuta kilichopita kwa wahakiki. Kilikuwa kimoja. Kilipita vibaya, lakini kilipita. Nikakipanga, matokeo yote yakiwamo, pamoja na picha ya watoto wa Ng'ambo ya Pili wakiutazama ubao kwa midomo wazi. Nikaongeza jalada la kijani na bundi wake. Nikampelekea mpiga chapa.

*

Ijumaa ukumbi ulijaa. Waziri alikaa kwenye kiti chenye mgongo mrefu kuliko vingine, kilichowekwa, kwa tahadhari, karibu na mlango wa nyuma, na watu wote wakakaa wameutazama mlango huo. Jukwaa lilikuwa nyuma yao. Mimi niliyekuwa jukwaani niliongoza sherehe nikiona visogo.

Nilimkaribisha anayekaribisha, akamkaribisha anayetambulisha, akawatambulisha wakaribishaji. Wahariri wapya wakaingia kama watu wanaopelekwa. Dakta Luhende alishangaa kiasi, akanyenyekea kiasi. Watu wakapiga makofi bila kugeuka.

Profesa Mkongea akatoa hotuba.

"Mheshimiwa Waziri, itifaki imezingatiwa. Kukaribisha si tendo, ni mchakato. Na mchakato hauna mwisho, maana ukiwa na mwisho utakuwa ni matokeo, na matokeo ni adui wa uendelevu. Wapo wanaouliza Jarida limefanya nini kwa ajili ya mtoto wa nchi hii. Nawajibu kwa takwimu. Hakuna mhariri hata mmoja ambaye hakukaribishwa."

Waziri alifuta jicho. Akaletewa Jarida likiwa limefungwa utepe. Akaukata, akaliinua juu na kutamka maneno ambayo mawaziri wote huyatamka: "Nimelizindua. Kilichomo humu kifuatwe na shule zote kuanzia sasa." Hakulifungua. Waziri hafungui. Kufungua ni kazi ya ngazi za chini.

Ngazi ya chini iliyolifungua ilikuwa Dakta Luhende, akitafuta picha yake. Nilimwona akipekua, akirudi, akipekua tena. Akamnong'oneza wa kulia. Wa kulia akamnong'oneza Profesa. Profesa akapanda jukwaani haraka kuliko joho lake.

"Binti, hiki ni nini?"

"Makala, Profesa."

"Makaribisho yangu yako wapi?"

"Yako kwa mhakiki wa pili, Profesa. Bado anapima joto."

Kipaza sauti nilikuwa nimekishika mimi, na kilikuwa kimewashwa. Ukumbi mzima uligeuka kutazama mbele kwa mara ya kwanza. Wengi walishika shingo.

Mwanasheria wa Wizara aliitwa. Alipekua kanuni, akajikuna. Kulifuta toleo hakuwezekani, alisema, kwa kuwa Mheshimiwa ameshalizindua, na kusema lina kosa ni kusema Mheshimiwa amezindua kosa. Kulisahihisha kunahitaji toleo jingine, na toleo jingine lazima lianze kwa makaribisho. Hapo Profesa alikaa chini. Lakini ipo kanuni, mwanasheria aliendelea. Mpanga kurasa akiomba radhi hadharani, alichokipanga huhesabiwa kuwa hitilafu ya mitambo, na hitilafu ya mitambo haina mwandishi, haina msomaji, wala haina nguvu ya sheria.

Waziri alikuja mwenyewe hadi jukwaani. Alikuwa mpole sana.

"Binti yangu, neno moja tu. Nani hajawahi kuomba radhi? Mimi mwenyewe huomba radhi kila bajeti."

"Sema samahani tukale," Profesa alisema kwa meno yaliyofungwa.

"Wizara itakusomesha shahada," Waziri alisema. "Hata mbili."

"Dada, omba radhi," mtu aliita kutoka katikati. "Pilau inapoa."

"Tena ya kuku," mwingine akaongeza, kwa uchungu.

Mwalimu Zawena alikuwa amesimama kando ya ukuta. Viti vilikuwepo, lakini hakuna aliyemwambia karibu. Hakunipungia mkono, hakutikisa kichwa, wala hakunitazama kwa macho ya kuomba. Alikuwa ameshika nakala ya Jarida kwa mikono miwili, amelifungua kwenye picha ya watoto wake. Neno langu moja lingewageuza.

Nikakiweka kipaza sauti sawa, nikasema:

Mheshimiwa Waziri, Profesa, wahariri wapya na wa zamani. Mitambo ya mpiga chapa ni mizima, msiisingizie. Ile makala niliisoma neno kwa neno kabla ya kuipanga, jambo ambalo kati yenu hakuna aliyelifanya mpaka mwisho. Niliipanga kwa mikono yangu, nikiwa na akili zangu, nikijua ni ya nani na inasema nini. Kama kazi yangu imekwisha, nitaondoka kwa mlango wowote mtakaonionyesha. Pilau na ipoe. Mimi siombi radhi.